Nguvu ya Skrubu Katika Alumini na Namna ya Kuipima

Katika jengo lolote lenye madirisha, milango, paa au ukuta wa vioo vilivyojengwa kwa alumini, vipande virefu vya metali hiyo, ambavyo mafundi huviita profaili, huwa na nguvu inayoweza kukadiriwa mezani kabla ya msumeno kugusa kitu, kwa kuwa umbo lake, unene wake na aina yake hujulikana. Ila mahali profaili mbili zinapokutana na kufungwa kwa skrubu, makadirio hayo hupungukiwa na uhakika, kwa sababu pale mzigo wote hupitia kwenye nyuzi chache za skrubu zilizojichimbia ndani ya ukuta wa alumini ambao aghalabu hauzidi milimita mbili au tatu. Kwa hiyo anayetaka kujua kama kazi ya alumini itadumu, awe mkandarasi, mhandisi, mwalimu wa chuo cha ufundi au mwenye nyumba anayelipa gharama, hana budi kuuliza kiungo hicho kimepimwaje, na kama hakijapimwa, kipimwe.

Kosa la kwanza linalostahili kuondolewa ni mazoea ya kuichukulia alumini kana kwamba ni chuma chepesi. Ni kweli kwamba mita moja ya ujazo ya alumini ina uzito wa kilo 2,700 hivi ilhali ile ya chuma hukaribia kilo 7,850, lakini tofauti haiishii kwenye mizani: ukakamavu wa alumini, yaani uwezo wake wa kukataa kupinda inapobebeshwa mzigo, ni kama theluthi moja tu ya ule wa chuma, na ulaini wake huiruhusu skrubu kukata nyuzi kwa urahisi, jambo linalompunguzia fundi kazi siku ya kufunga lakini linalohitaji tahadhari, kwa kuwa metali iliyokubali kukatwa kwa urahisi ndiyo hiyo hiyo itakayotakiwa kuishika skrubu siku upepo utakapovuta.

Profaili nyingi za madirisha hutengenezwa kwa aloi iitwayo 6063, yaani alumini iliyochanganywa na kiasi kidogo cha magnesiamu na silikoni, kisha hukomazwa kwa joto ili ziwe ngumu. Alama T5 humaanisha kwamba profaili ilipozwa ilipotoka kwenye mashine ya kukamulia na kisha ikakomazwa tanurini; alama T6 humaanisha kwamba viambato vyake viliyeyushwa kwanza ndani ya metali kwa joto kali, ikapozwa upesi, ndipo ikakomazwa. Tofauti ya tarakimu hiyo moja si ndogo, kwani kwa viwango vya Marekani 6063-T5 huhesabiwa kuwa inaanza kulegea na kubaki imenyooka bila kurudi kwenye mkazo wa megapaskali 110, wakati 6063-T6 huvumilia hadi 170, na megapaskali moja ni nguvu ya nyutoni moja juu ya kila milimita ya mraba. Skrubu ile ile, katika tundu lile lile, inaweza basi kushikwa kwa nguvu ya mara moja na nusu au zaidi kwa sababu tu ya namna profaili ilivyopikwa, na macho hayawezi kutofautisha profaili hizo mbili zikiwa zimepakwa rangi. Kabla ya jaribio lolote la skrubu ni lazima metali yenyewe ijulikane, na kwa karakana isiyo na maabara kipo kifaa cha mkononi chenye umbo la koleo, kipima ugumu cha Webster, ambacho hubanwa kwenye ukuta wa profaili na kutoa namba papo hapo. Viwango vya China, nchi ambako profaili nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki hutoka, huitaka 6063-T5 isomeke angalau 8 kwenye kifaa hicho. Profaili isiyofika namba hiyo irudishwe kwa muuzaji, kwa kuwa hakuna ustadi wa kufunga utakaoiongezea ugumu.

Inafaa kuitazama skrubu yenyewe kwa karibu. Ile inayotambulika katika viwango vya kimataifa kwa alama ST4.8 ina kipenyo cha nje cha milimita 4.8, kiini chake, yaani mwili wake bila nyuzi, kina milimita 3.5 hivi, na kutoka uzi mmoja hadi unaofuata ni milimita 1.6. Ikipenya ukuta wa milimita 2, ukuta huo hushikwa na uzi mmoja na robo tu, na nyuzi nyingine zote zilizojitokeza upande wa pili huning'inia hewani bila kubeba chochote, hata skrubu ingekuwa na urefu wa kidole. Tundu la mwongozo, yaani tundu linalotobolewa kwanza ili skrubu ipate njia, likitobolewa kwa biti ya milimita 4.0, uzi huingia ndani ya alumini kwa kina cha milimita 0.4 kila upande. Likitobolewa kwa biti ya milimita 4.4, kina hicho hushuka hadi milimita 0.2, yaani nusu. Biti hizo mbili zikiwekwa mezani ni vigumu kuzitofautisha bila kalipa, na biti iliyochakaa au kekee inayoyumba mkononi hutosha kuligeuza tundu la kwanza kuwa la pili. Ndiyo maana majaribio yanayofanywa kwa sampuli zilizotobolewa kwa mashine ya mezani, kwa utulivu na mwanga mzuri, hayaelezi kinachotokea kwenye jukwaa la ghorofa ya tano, na mpimaji mwaminifu huandaa sampuli zake kwa vifaa na mikono ile ile itakayofanya kazi jengoni.

Kiungo cha skrubu hushindwa kwa njia kadhaa, na kila njia ina jaribio lake. Skrubu inaweza kung'oka, yaani kuvutwa kwa mstari wake hadi nyuzi za alumini zikatike na skrubu itoke na unga wa metali ukiwa umekwama kati ya nyuzi zake. Inaweza pia kubaki imara mahali pake huku bati la juu likipanda na kukivuka kichwa chake, ambapo tundu hutanuka na kingo zake hukunjamana kuelekea juu. Mzigo ukienda kando badala ya kuvuta kwa mstari, ukuta wa tundu unaweza kufinywa na kurefuka, au skrubu ikalala upande na kujichomoa polepole kama kigingi katika udongo laini, hasa bati la chini linapokuwa jembamba. Skrubu yenyewe inaweza kukatika, na mwisho wake, bila mzigo wowote wa nje, nyuzi zinaweza kuharibiwa na fundi aliyekaza kupita kiasi. Njia hizi hazichaguliwi na mhandisi. Huchaguliwa na sehemu iliyo dhaifu kuliko zote, na faida kubwa ya jaribio kuliko hesabu ni kwamba jaribio huionyesha sehemu hiyo waziwazi.

Hesabu hata hivyo haipaswi kudharauliwa, kwa kuwa humpa mpimaji namba ya kutarajia, na namba ya kutarajia ndiyo humshtua pale jaribio linapotoa matokeo ya ajabu. Mwongozo wa usanifu unaotolewa na Aluminum Association ya Marekani hukadiria nguvu ya kung'oa kwa kuzidisha kipenyo cha skrubu, unene wa ukuta unaoshika nyuzi na mkazo wa kulegea wa metali hiyo, kisha kuzidisha zao hilo kwa namba ndogo iliyopatikana kwa majaribio, ambayo kwa kuta nyembamba za milimita 2 hivi ni 1.01. Kwa skrubu ya 4.8 katika ukuta wa milimita 2 wa 6063-T5, hesabu hutoa nyutoni 1,066, karibu uzito wa kilo 109, na kwa 6063-T6 hutoa nyutoni 1,648. Namba hizo si ruhusa ya kubebesha mzigo huo; mwongozo huo huo hutaka zigawanywe kwa 3, nao ndio mgawanyo wa usalama, yaani akiba inayowekwa kwa ajili ya kasoro za metali, za tundu na za mkono wa binadamu, hivyo skrubu ya kwanza huruhusiwa kubeba nyutoni 355 tu na ya pili 549.

Namba hizo hupata maana zikilinganishwa na mzigo halisi. Upepo wa kasi ya mita 40 kwa sekunde husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu inayokaribia nyutoni 980, na kwenye pembe za jengo mvuto wa kuelekea nje huzidi hapo. Dirisha la mita 1.2 kwa 1.5 lina eneo la mita za mraba 1.8, na kwa shinikizo la nyutoni 1,000 kwa mita ya mraba hubeba nyutoni 1,800. Fremu yake ikiwa imefungwa kwenye nguzo za alumini za T5 kwa skrubu 8 zinazovutwa kwa mstari wake, kila moja, mzigo ukigawanyika sawasawa, hubeba nyutoni 225, chini ya zile 355 zinazoruhusiwa. Fundi akipunguza skrubu hadi 4 ili kumaliza kazi kabla ya jua kuzama, kila moja hubeba 450, na mpaka umevukwa. Dirisha hilo halitaanguka siku hiyo wala mwezi huo, kwa sababu akiba bado ipo kidogo, na huko kutoanguka ndiko kunakowafundisha watu somo baya kwamba skrubu 4 zinatosha.

Jaribio la kung'oa lenyewe hufanywa kwa kufunga skrubu kwenye kipande cha profaili halisi, kukishika kipande hicho kwa nguzo mbili, na kukivuta kichwa cha skrubu kwa mashine ya kuvuta polepole, kwa mwendo wa milimita chache kwa dakika, huku nguvu na umbali wa kusogea vikiandikwa mpaka skrubu itoke. Mahali panapokosewa mara nyingi ni kwenye umbali wa nguzo hizo mbili. Zikikaribiana mno na skrubu, huukandamiza ukuta wa alumini usipinde, na skrubu huonekana kuwa na nguvu kuliko itakavyokuwa katika profaili pana ambayo ukuta wake huinuka kama ngozi ya ngoma. Zikiwa mbali mno, sampuli hupinda kama boriti na jaribio huwa limepima kitu kingine kabisa. Njia iliyo salama ni kuziweka nguzo pale ambapo pande za profaili zenyewe zitaushika ukuta huo jengoni, kisha kueleza umbali huo katika taarifa, kwa kuwa namba ya nguvu isiyotaja umbali wa nguzo haina maana kwa mtu mwingine.

Kwa jaribio la kichwa na bati, kinachotawala ni unene wa bati, nguvu ya mwisho ya metali yake, yaani mkazo unaoikatisha, na tofauti kati ya kipenyo cha kichwa au washa na kipenyo cha tundu. Bati la milimita 0.7 lenye nguvu ya mwisho ya megapaskali 150, likishikwa na kichwa cha milimita 8 juu ya tundu la milimita 5, hukadiriwa kushikilia nyutoni 315. Likiwekewa washa ya milimita 14, makadirio hupanda hadi 945, mara tatu, kwa gharama ya kipande kidogo cha metali chenye mpira chini yake. Hakuna fedha katika kazi ya paa inayorudi kwa haraka kuliko hiyo. Ikumbukwe pia kwamba skrubu inayofungwa kwenye mgongo wa bati la mawimbi, ambako chini yake kuna uwazi, hushika kwa nguvu ndogo kuliko ile inayofungwa bondeni ambako bati hukaa moja kwa moja juu ya boriti, na mwongozo wa Marekani umekuwa ukikata makadirio ya mgongoni hadi asilimia 70; mafundi hupendelea mgongo kwa sababu ya maji ya mvua, na wanayo haki, lakini basi idadi ya skrubu haina budi kuongezwa, na sampuli za jaribio zifungwe mgongoni vilevile.

Jaribio la mkato, ambalo hupima kiungo kinachovutwa kando, linaonekana rahisi kwa kuwa vipande viwili hulazwa kimoja juu ya kingine, hufungwa kwa skrubu na kuvutwa ncha kwa ncha, lakini hapa pia ipo hila ya kuangaliwa. Vipande viwili vilivyopandana havina mstari mmoja, hivyo mvuto hujaribu kuvinyoosha na kuviinua kingo, na skrubu hulala. Kwa bati jembamba, kanuni ya Marekani huonyesha kwamba nguvu ya kuzuia kulala hushuka kwa kasi kuliko unene wenyewe: profaili ya milimita 2 ikibadilishwa kwa ya milimita 1.4, unene umepungua kwa asilimia 30, ilhali nguvu hiyo hupungua kwa asilimia 41 hivi. Muuzaji anayempunguzia mteja bei kwa kumpa profaili nyembamba kidogo humpunguzia basi nguvu zaidi ya anavyompunguzia fedha, na kalipa iliyowekwa kwenye ncha ya profaili kabla ya kulipa ni kinga ya kwanza ya mnunuzi. Skrubu isiwekwe karibu mno na ukingo: chini ya mara 1.5 ya kipenyo chake haikubaliki, na nguvu kamili ya ukuta wa tundu haipatikani mpaka umbali kutoka katikati ya skrubu hadi ukingo ufike mara 2, ambazo kwa skrubu ya 4.8 ni milimita 9.6.

Kukaza nako kuna jaribio lake, tena halihitaji mashine kubwa. Skrubu hukazwa kwa spana ya torki, yaani spana inayoonyesha nguvu ya msokoto, na namba mbili huandikwa: msokoto wa kukata nyuzi wakati skrubu inaingia, na msokoto wa kuziharibu baada ya kichwa kukaa. Katika chuma namba hizo mbili huachana sana; katika alumini nyembamba hukaribiana, na fundi mwenye mashine ya kukaza kwa mapigo hulivuka pengo hilo kwa kufumba na kufumbua, kisha huendelea na skrubu inayofuata bila kujua kwamba ile ya kwanza inazunguka bure. Mashine yenye klachi ya kuachia, ikipangwa kwenye kiwango kilicho kati ya namba hizo mbili, huondoa sehemu kubwa ya tatizo. Skrubu ambayo nyuzi zake zimeshaharibika isikazwe upya katika tundu lile lile. Iwekwe yenye kipenyo kikubwa zaidi, au tundu jipya litobolewe mahali pengine.

Viungo vya kona za madirisha vinahitaji neno lake peke yake. Huko skrubu hupenya ukuta wa profaili ya wima na kuingia kwenye mfereji wa duara uliokamuliwa ndani ya profaili ya mlalo, mfereji ambao si mrija kamili kwa kuwa upande wake mmoja uko wazi. Nyuzi hushikwa kwa urefu mkubwa kuliko katika ukuta mwembamba, lakini si kwa mzunguko wote, na mfereji unaweza kufunguka mdomo wake skrubu inapovutwa au inapoingizwa kwa pembe. Kanuni ya ukuta wa kawaida haifai kutumiwa hapa bila kufikiri; kona hizi zipimwe zenyewe, zikiwa zimekatwa na kufungwa kama zitakavyokuwa, na zipimwe kwa kuvuta na kwa kupinda pia. Kipenyo cha mfereji kipimwe katika kila shehena mpya, kwa kuwa kinu cha kukamulia huchakaa na mfereji hubadilika kidogo kidogo.

Swali ambalo wateja huuliza kwa uchungu ni sampuli ngapi zinatosha, na jibu la takwimu halipendezi. Sampuli zikivunjwa, hupatikana wastani, na hupatikana pia kipimo cha mtawanyiko, ambacho wanatakwimu hukiita mchepuko sanifu, kinachoeleza namba zimetapakaa kiasi gani kuuzunguka wastani huo. Ili mtu aseme kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba asilimia 95 ya skrubu zote zitavuka kiwango fulani, huchukua wastani na kutoa mchepuko uliozidishwa kwa namba inayotegemea idadi ya sampuli: kwa sampuli 3 namba hiyo ni 7.656, kwa 5 ni 4.203, kwa 10 ni 2.911, na kwa 20 ni 2.396. Tuseme wastani ni nyutoni 1,100 na mchepuko ni 100. Aliyevunja sampuli 3 anaweza kudai nyutoni 334 tu, wa sampuli 10 anadai 809, na wa sampuli 20 anadai 860. Skrubu hazikubadilika, kilichoongezeka ni haki ya kuziamini. Kutoka 3 hadi 10 faida ni kubwa mno kiasi kwamba kupima tatu tu ni kutupa fedha, na kutoka 10 hadi 20 faida ni ndogo, hivyo kumi kwa kila aina ya kiungo ni idadi inayofaa kwa kazi nyingi za kawaida.

Karakana isiyo na mashine ya kuvuta inaweza kutumia wenzo, yaani mti au bomba imara lililoegemezwa kwenye mhimili. Skrubu ikifungwa kwenye sampuli iliyobanwa chini, na kichwa chake kikashikwa na ndoano sentimita 20 kutoka kwenye mhimili, ndoo ikaning'inizwa upande wa pili sentimita 100 kutoka kwenye mhimili huo huo, kila lita ya maji inayomiminwa, ambayo ina uzito wa kilo moja, huivuta skrubu kwa nguvu ya kilo tano. Lita 20 hutoa nyutoni 981, bila kuhesabu ndoo yenyewe na bomba, ambavyo ni lazima vipimwe na kujumlishwa. Maji yamiminwe kwa kikombe, polepole, ndoo ikiwa sentimita chache tu juu ya mfuko wa mchanga, na anayemimina avae miwani ya kinga na asimame kando ya mstari wa bomba, kwa kuwa skrubu hung'oka ghafla. Jaribio hili halichukui nafasi ya cheti cha maabara ya viwango wala ya chuo cha uhandisi, na jengo refu lisijengwe kwa kulitegemea, lakini linatosha kabisa kumwonyesha fundi chipukizi tofauti ya biti ya 4.0 na ya 4.4.

Mzigo wa mara moja hautoshi kueleza kila kitu. Kimbunga Tracy kilipoupiga mji wa Darwin, Australia, tarehe 25 Desemba 1974, mapaa mengi ya mabati yaling'oka ingawa skrubu na misumari yake ilikuwa imepimwa kwa mzigo tulivu, kwa sababu upepo ulivuta na kuachia mara nyingi hadi mabati yakapasuka kuzunguka vichwa, hali iitwayo uchovu wa metali, na baada ya hapo wapimaji wa Australia wakaanza kutaka viungo vya paa vivutwe na kuachiwa mara 10,000 kabla ya kukubaliwa. Mabati yale yalikuwa ya chuma. Alumini haina hata ule mkazo mdogo ambao chini yake chuma huweza kuvumilia mizunguko isiyo na idadi, kwa hiyo hoja hiyo inaihusu zaidi, na pwani ya Tanzania, ambayo Mei 2024 ilifikiwa na kimbunga Hidaya kupitia kisiwa cha Mafia, haiwezi tena kudhani kwamba vimbunga ni habari za bahari nyingine.

Joto nalo huvuta na kuachia, bila upepo. Profaili ya mita 3 yenye rangi nyeusi, joto lake likipanda kwa nyuzi 40 kuanzia alfajiri hadi adhuhuri, hurefuka kwa karibu milimita 2.8, huku zege inayoizunguka, hata ikipata joto hilo hilo, ikirefuka kwa milimita 1.2 hivi, na tofauti hiyo hubebwa na skrubu kila siku, isipokuwa matundu ya upande mmoja yakifanywa marefu ili profaili iteleze.

Chumvi ya bahari ni adui wa aina nyingine. Metali mbili tofauti zikigusana kwenye unyevu wa chumvi, moja huliwa kwa ajili ya nyingine, na katika kiungo hiki inayoliwa ni alumini. Skrubu za shaba zisitumiwe kamwe. Skrubu za chuma kisichoshika kutu zinafaa, kwa kuwa eneo lake ni dogo likilinganishwa na alumini inayolizunguka na ulaji hutawanyika; kwa Mombasa, Unguja, Mtwara na miji mingine inayopigwa na upepo wa bahari, aina ya A4, yenye molibdeni, hustahili kupendelewa kuliko A2. Hatari iliyojificha zaidi imo katika skrubu za chuma cha kaboni zilizokomazwa sana ili zijitobolee zenyewe: zikilowa zikiwa ndani ya alumini, hidrojeni inayozalishwa na ulaji huo huingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kikatike kama kigae, na vichwa hudondoka siku au wiki kadhaa baada ya kazi kukabidhiwa. Jaribio la siku ya kwanza haliwezi kuonyesha kasoro hii hata kidogo. Kwa jengo la pwani, sehemu ya sampuli iwekwe kwanza katika ukungu wa chumvi, kwa utaratibu wa kiwango cha ISO 9227 unaotumia maji yenye asilimia 5 ya chumvi kwenye nyuzi joto 35, zikiwa zimekazwa kama zitakavyokazwa jengoni, ndipo zivutwe na kulinganishwa na zile zilizobaki kavu.

Mwenye jengo anapokabidhiwa taarifa ya majaribio, asiridhike na wastani ulioandikwa kwa herufi nene ukurasa wa kwanza. Atafute aloi na ukomazaji wake, unene uliopimwa na si ule wa katalogi, kipenyo cha tundu, alama ya skrubu, umbali wa nguzo, namba ya kila sampuli moja moja ikiwemo ile iliyotoka vibaya, na picha ya kila kiungo baada ya kushindwa. Taarifa yenye sampuli kumi ambazo zote zimeshindwa kwa njia moja inaaminika. Yenye sampuli ambazo nne ziling'oka, tatu zilivuka kichwa na tatu zilikatika inaeleza kwamba kuna jambo halijadhibitiwa, hata kama wastani wake ni mzuri. Na ikikosekana sampuli dhaifu hata moja, namba zote zikafanana mno, basi aombe aonyeshwe vipande vyenyewe vilivyovunjika, kwa kuwa vipande hivyo ni mali yake na havipaswi kutupwa kabla hajaviona.